Picha ya Viwiko Vyako

Nyumbani, mlimani juu ya Ipogolo
Jumatatu, saa kumi alasiri

Mwanangu Raheli,

Kamwene. Wewe uko uani na mama yako, nawasikia mkibishana juu ya sanduku, nami niko humu chumbani, hatua kumi kutoka mlipo, nakuandikia kama mtu aliye nchi ya mbali. Usinicheke. Mimi ni mwinjilisti; tangu ujana wangu nimezoea kusema mbele ya kanisa lililojaa, na sauti yangu haikupata kutetemeka. Lakini mbele ya mtu mmoja, tena mtoto wangu, liko neno ambalo kwa mwaka mzima na nusu nimekuwa nikifungua kinywa kulisema, kisha nakifunga. Kesho asubuhi basi la Mbeya litakuchukua. Nikingoja tena, utaondoka kabla sijalisema.

Mama yako atakupa barua hii kabla ya chakula cha jioni, uisome kungali na mwanga. Habari za blanketi, za kuchemsha maji, za kutojibizana na matroni, na za kutafuta kanisa Jumapili ya kwanza, amekwisha kukuambia yeye, tena mara tatu. Mimi sizirudii. Ninalotaka kuandika ni habari ya mikono yako, na ya makosa niliyoyatenda juu ya mikono hiyo.

Naanza mbali kidogo, kwa kuwa yapo ambayo hukuwa na umri wa kuyakumbuka.

Ulipokuwa bado unanyonya, mama yako aliniita siku moja uani. "Baba Raheli, hebu njoo umwone huyu. Ukimpa kitu hakingi kiganja. Anakifunika kwa juu kama kuku anavyofunika vifaranga." Nikatazama. Nikajaribu kukigeuza kiganja chako kwa vidole vyangu viwili, kikagoma, ukalia. Nikasema, "Mtoto anapenda kunyang'anya. Tumfundishe mapema." Mama yako akasema, "Huku si kunyang'anya. Mikono haigeuki." Nikamjibu kwamba anakudekeza. Mazungumzo yale yalikuwa mafupi kuliko muda wa mtu kuvaa viatu, nami nikaishi ndani yake karibu miaka ishirini.

Unajua kuliko mtu yeyote namna mtoto wa kwetu anavyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa: apige goti, aunganishe mikono, viganja vitazame juu kama bakuli. Achukuaye kwa juu huhesabiwa mnyang'anyi, na wazazi wake huhesabiwa kwamba hawakulea. Katika nyumba ya mwinjilisti jambo hilo lilikuwa zito mara mbili. Kila mgeni alipoingia na kukupa kitu, mimi sikukutazama wewe. Nilimtazama mgeni, nione ananihesabu vipi.

Ulipotimiza miaka mitano nilianza kukunyima. Kipande cha muwa, kiazi cha moto, hata kikombe cha maji, nilikishika mkononi nikasema, "Pokea vizuri. Kiganja kitazame juu." Wewe ulibana viwiko tumboni, ukainamisha bega, ukapinda mwili wote upande mmoja, ili viganja vifanane na vinavyotazama juu. Nilidhani ni mzaha. Mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, nilikufunga mkono wa kulia kwenye kipande cha ubao, kiganja nikikilazimisha kadiri nilivyoweza, nikaagiza ukae hivyo mpaka Pasaka. Mama yako aliufungua siku ya pili. Alinijia na ule ubao mkononi, akauweka kwenye moto wa jikoni mbele ya macho yangu. Siku nne sala ya jioni niliiongoza peke yangu, nikiamini kwamba yeye ndiye aliyeasi.

Hata hivyo, ubao sio unaonirudia zaidi. Kinachonirudia ni ulezi.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa Jumapili ile ya kubariki mbegu, kabla ya mvua za kwanza. Watoto mlipiga goti mstari mmoja mbele ya madhabahu, kila nyumba mtoto mmoja, nami nikapita na ungo nikimpa kila mtoto konzi moja ya ulezi aipeleke kwao, ikachanganywe na mbegu ya shamba. Nilipofika kwako nilikuta umekinga upindo wa kanga. Naona sasa jinsi ulivyokuwa umelifikiria jambo hilo siku nyingi, kwamba punje ndogo namna ile haziwezi kukaa juu ya mgongo wa mkono, na kwamba kanga itakuokoa. Nami nikasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Mbegu iliyobarikiwa haipokelewi kwa nguo. Toa mikono." Ukaitoa, kwa namna yako. Nikakupita. Nikampa mtoto aliyekuwa kando yako.

Hukulia. Ulikung'uta upindo wa kanga, ingawa haukuwa na kitu, ukarudi kwenye benchi. Mwaka ule shamba letu lilipandwa bila konzi ya kanisani. Na tangu siku hiyo hukupata tena kukinga kitu mbele yangu. Nikikuletea chochote, kalamu, kitabu, hata chungwa, unasema kwa adabu kamili, "Kiweke tu mezani, baba." Miaka kumi nimekuwa nikiweka vitu mezani.

Sasa nifike kwa daktari.

Alipopanda kuja kwangu, Mzungu yule mrefu wa hospitali ya misheni, alikaa kwenye kiti hiki hiki ninachokalia. Alisema, "Mwinjilisti, watu wanaanguka kutoka kwenye lori, wanaanguka juu ya miti, wanavunjika viwiko. Kazi yangu ni kuvirudisha vilivyokuwa. Lakini vilikuwaje? Vitabu vyangu vinavyo vipimo vya watu wa kwetu Ulaya. Nataka kupiga picha za eksirei za watu wa hapa, wanaume kwa wanawake, waliokomaa na wenye afya, nipime mifupa yao ya kiwiko." Nikaahidi kumtafutia watu, nikatangaza baada ya ibada. Unakumbuka Mzee Lukas alivyonifuata nje?

"Mwinjilisti, mimi siumwi. Nikapigwe picha ya nini?"

"Ndiyo sababu anakutaka, mzee. Kwa kuwa huumwi."

"Mtu akienda hospitali hana ugonjwa, watamtafutia mmoja arudi nao. Mwambie daktari wako aje tulime naye siku moja. Kiwiko atakiona kikifanya kazi, tena bila picha!"

Watu wakacheka, mimi sikucheka. Nilikwenda kuandika orodha, na humo nikafanya kosa ambalo hata leo daktari hulisimulia. Niliwachagua watu wema. Sikumwandika hata mmoja aliyekuwa chini ya marudi ya kanisa, aliyezuiwa meza ya Bwana kwa kosa. Daktari alisoma yale majina, akayalinganisha na watu aliokuwa akiwafahamu kijijini, akaniuliza, "Mbona simwoni Lukas?"

"Lukas ana wake wawili, Daktari."

"Na viwiko vingapi?"

Akavua miwani, akasema bila hasira, "Sikukuomba watu wema. Nilikuomba watu wenye afya. Ukinichagulia hivi nitapata kipimo cha usharika wako, si cha watu wa nchi hii." Nikarudi, nikaandika orodha upya, na Mzee Lukas akaenda, akarudi akijisifu kwamba daktari amemwambia mfupa wake ni mpana kuliko wa kijana yeyote. Lakini hata katika orodha ile ya pili nilitaka nyumba yangu iwe juu. Niliandika jina langu, na la mama yako, na lako. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ulipandisha debe la maji kutoka bondeni bila kupumzika, na kwa jembe ulinishinda. Nilimwambia daktari, "Anza na sisi. Nyumbani kwangu hakuna mgonjwa."

Ulikuwapo siku ile, lakini hukuuona moyo wangu, basi nakuandikia yaliyokuwa ndani yake.

Injini ya umeme ilinguruma nyuma ya jengo. Mimi nilikwisha kupigwa picha, mama yako naye, tukawa tumesimama mlangoni. Ukakaa, ukauweka mkono juu ya meza ile, na daktari akakuambia kama alivyotuambia sisi, "Unyoshe mkono. Kiganja kitazame juu."

Ni maneno yangu, Raheli. Maneno yale yale. Nikakuona unabana kiwiko, unainamisha bega, unapinda mwili, kama ulivyofanya mbele ya kipande cha muwa. Nami nikanena kutoka mlangoni. Laiti ningenyamaza. Nilisema, "Daktari, huyo ni mkaidi tangu utoto. Mlazimishe kidogo."

Daktari akasogea karibu nawe. Aliushika mkono wako hapa chini ya kiwiko, akajaribu kuugeuza taratibu kama mtu anayepima uzito wa yai, akauacha. Akakuuliza, "Unauma?" Ukasema, "Hapana. Haugeuki tu." Akapiga picha mkono ukiwa umelala ulivyotaka kulala, kisha akapiga wa pili.

Picha zilipokuwa tayari aliniita mimi kwanza. Aliziweka mbili juu ya kile kioo chenye taa, yangu na yako, na kando alikuwa na rula na kipimapembe chake. Akasema, "Hii ni yako. Tazama mifupa miwili ya mkono, kutoka kiwiko kwenda chini. Kati yake pana nafasi nyeusi. Huu wa upande wa kidole gumba una kichwa cha mviringo, na kichwa hicho huzunguka hapa hapa kiwikoni kila unapogeuza kiganja. Watu hudhani kiganja hugeukia kwenye kifundo. Hapana, hapa ndipo kinapoanzia. Haya, hii ni ya binti yako. Nionyeshe nafasi nyeusi."

Niliitafuta. Haikuwapo. Chini kidogo ya kiwiko mifupa miwili ilikuwa imeshikana ikawa mfupa mmoja mweupe, katika mkono wa kulia na katika wa kushoto.

"Alizaliwa hivi," alisema. "Hakuna awezaye kukigeuza kiganja hiki, si yeye, si wewe, ila kwa kuuvunja mkono."

Niliwaza ubao. Niliwaza jinsi nilivyokaza kamba, nikisukuma kwa nguvu za mtu mzima. Nikauliza swali la mpumbavu, "Kwa hiyo ni mgonjwa?" Daktari akakugeukia wewe, uliyekuwa umesimama nyuma yetu pasipo mimi kujua, akakuuliza kama unaumwa. Ukasema huumwi. "Basi si mgonjwa," akasema. "Ila siwezi kuvichanganya vipimo vyake na vya wengine. Nitamwandikia ukurasa wake peke yake." Wewe ukasema, "Nitauandika mimi, Daktari." Ukachukua kalamu, kiganja kikitazama chini kama kilivyo siku zote, akakusomea vipimo, ukaviandika kwa mwandiko ule ambao ndio uliomfanya leo, akiwa amehamia hospitali ya serikali Mbeya, akuombe wewe na si mwingine uje uendeleze naye kazi hii ya viwiko.

Tulirudi kwa miguu. Mama yako alibaki hospitali kumtazama mgonjwa wa jirani, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, nami nilitangulia. Neno lilikuwa kinywani mwangu tangu geti la hospitali. Nilizungumza juu ya mvua. Nilizungumza juu ya bati la kanisa. Ukaitika, "Ndiyo, baba." Tulipofika kijitoni nilichutama, nikakinga viganja, nikanywa. Wewe ulipiga magoti, ukaweka mdomo kwenye maji. Maisha yako yote nilikuwa nimekuona ukinywa hivyo, na nilikuwa na jina la tabia ile, niliiita uvivu. Nikasimama pale na maji yakinidondoka vidoleni, nikasema, "Twende, kunakuchwa," ilhali ilikuwa saa nane mchana. Uliniangalia. Nadhani ulijua kwamba sikuwa na akili zangu. Hukucheka.

Tangu siku hiyo nimehubiri habari ya toba mara nyingi, na kila mara nimekuona kwenye benchi la tatu upande wa wanawake, nikageuza macho. Watu wanasema nimekuwa mpole siku hizi, siwakalipii watoto. Hawajui sababu. Upole nisiousema asili yake nao ni namna ya kujificha.

Nitakueleza jinsi lilivyotokea, si ili kujitetea. Mwovu sikuwa. Niliomba kwa ajili yako kila siku, na kila siku nilimwomba Mungu ailainishe mikono ambayo yeye mwenyewe aliiumba hivyo. Nilikuwa na kipimo kimoja tu, nacho ni mikono yangu. Kwa kuwa viganja vyangu viligeuka, niliona kila kiganja kisichogeuka kimekataa. Mama yako aliutazama mkono wenyewe, mimi nilitazama sheria ya mkono. Naye hakusoma chuo cha Biblia, mimi nilisoma miaka mitatu.

Jioni moja, ulipokuwa umeanza kumsaidia daktari siku za Jumatano, ulitusimulia mezani kuhusu vile vipimo. Ulisema mkono wa mwanamke unapotoka kiwikoni huelekea nje kidogo kuliko wa mwanamume, na kwamba Mzee Lukas na ndugu yake wa tumbo moja hawalingani upana wa mfupa. Nikakuuliza, "Sasa kipimo cha haki ni kipi?" Ukanijibu huku ukimenya viazi, "Baba, vyote ni vya watu wenye afya." Hukukusudia kunifundisha. Nimelitafakari jibu lile kuliko vitabu vingi nilivyosoma.

Kwa hiyo sina la kukufundisha juu ya kazi unayoiendea. Utawaambia watu, "Kiganja juu," na siku moja kitakuja kisichogeuka, nawe utajua la kufanya kuliko daktari mwenyewe. Labda moja tu, kwa kuwa nimelipitia: ukipewa madaraka ya kuandika orodha, watu watakuletea majina ya wema. Uliza wako wapi wengine. Na jingine: ukikosea, nawe utakosea, sema siku ile ile, njiani, kwenye kijito, hata kama sauti haitoki vizuri. Kosa langu la kwanza lilikuwa la kutojua. La pili, la kunyamaza mwaka na nusu, nililitenda nikijua.

Neno lenyewe ni hili. Nilikukosea, Raheli. Nilikuita mkaidi nawe ulikuwa mtii kupita nguvu za mifupa yako. Nilikuaibisha mbele ya kanisa, na mbele ya Mungu nikakuita jina lisilo lako. Nisamehe. Usiniambie, "Si kitu, baba." Ni kitu.

Kesho wazee wa usharika watakuja kukuombea safari kabla hatujashuka Ipogolo. Mzee Lukas nimemwalika pia. Marudi yake hayajaisha, lakini kumwombea mtoto njia njema hakuhitaji cheti. Nimemwomba mama yako konzi moja ya ulezi kutoka katika mbegu ya mwaka huu. Hakuniuliza ya nini. Alikwenda kuileta, naye alikuwa akijifuta macho kwa kanga.

Baada ya sala nitasimama mbele yao na kueleza mwenyewe yale niliyoyatenda Jumapili ile ya mbegu. Kisha nitapiga goti. Magoti yangu ni mabovu, lakini yatapinda. Nitakinga viganja vyangu, ulezi ukiwa ndani yake, nawe uchukue kwa juu, kwa mkono wako kama ulivyo. Najua desturi inasemaje juu ya kuchukua kwa juu kwa mkubwa. Desturi hiyo nimeifundisha mimi, na kesho mimi ndiye nitakayeiweka chini. Nasikia nyumba za wafanyakazi kule Mbeya zina bustani ndogo nyuma. Ukipenda, panda. Usipopenda, wape ndege.

Na kama moyo wako bado hauwezi, usichukue. Nipite, kama nilivyokupita. Sitakuita mkaidi. Nitaurudisha ulezi kibuyuni, nitakusindikiza mpaka mlango wa basi, na mwaka kesho kabla ya mvua nitauleta tena, hata Mbeya, nipige goti tena. Nitangoja kadiri utakavyotaka.

Lakini sitauweka mezani.

Baba yako